Jumatano za Murt Talty

Cloonfada, Kilcorran
10 Oktoba 1984

Kwa Sorcha Considine, mpiga picha, Ennis

Hunijui wala sikujui, kwa hiyo nitaanza na lililonileta. Jana nilikuja Ennis kwa daktari wa macho. Nilifika mapema, mvua ikanisukuma ndani ya maktaba, nikakuta ukuta mzima wa picha zako za wiki ya muziki ya Kilcorran. Ya saba kutoka mlangoni ina mzee mwenye fidla, macho kayafumba, na chini yake umebandika maneno haya: "Mpiga fidla, jina halijulikani."

Halijulikani na nani? Huu ni mwaka wa thelathini na saba nalala naye kitanda kimoja. Anaitwa Murt Talty. Koti ni lake, kile kiraka cha kiwiko nilikishona mimi kwa mkono wangu. Sikio ni lake, lile lililoumwa na farasi.

Lakini fidla si yake. Na Murt hajagusa fidla tangu Machi 1971, tulipomzika mwanetu Colm, aliyeanguka jengoni London akiwa na miaka ishirini na miwili. Kwa hiyo niambie, binti, picha hii ni ya lini? Kama ni ya zamani, andika tarehe yake. Kama ni ya mtu mwingine, ningependa kukutana na huyo mtu mwingine anayetembea na koti la mume wangu.

Macho yangu daktari kasema ni mazima.

Attracta Talty (Bibi)


Ennis
12 Oktoba 1984

Kwako Bi Talty,

Shikamoo mama. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, maana hata kiti niliona sistahili. Nisamehe. Ninajua kwetu mtu hapigi hata wimbo mmoja bila kutaja aliyemfundisha, na mimi nimemtundika mtu ukutani bila jina.

Naomba nieleze ilivyokuwa. Sipigi picha kwenye baa yenyewe, kule mbele kwenye msongamano. Napiga jikoni kwa Marrinan, nyuma ya baa, alasiri, wanapokaa wapigaji kumi au kumi na wawili wamepeana nyuso na kuipa dunia mgongo. Mwanga ni wa dirisha tu. Taa ya kamera siwashi, ukiiwasha umewatoa walipo. Nangoja pale wanapobadili wimbo, wimbo mmoja unapomwagikia mwingine bila kusimama, maana hapo kila uso huinuka kidogo. Hiyo ndiyo nafasi yangu.

Huyu mzee hukaa karibu na jiko. Anapoanza, wenzake hushusha ala zao magotini. Hakuna anayewaambia. Filimbi inashuka, kodiani inafungwa, yule kijana wa Dublin anayedhani anajua kila kitu anatazama viatu vyake. Mguu wa mzee haupigi sakafu. Nimepiga picha wapigaji mia tatu na zaidi, mama, na sijaona mkono unaovuta uta kwa upole namna ile, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala.

Majina huwa nauliza baadaye, nisiwakatize. Lakini yeye wimbo ukiisha tu hutokea mlango wa nyuma, eti ng'ombe wanamngoja. Nikauliza waliobaki. Mmoja akasema, "Huyo? Mtu wa huko juu." Mwingine, "Binamu wa mtu fulani." Mama Marrinan akaniuliza kama nataka chai.

Umeniuliza tarehe. Picha ni ya tarehe nne Julai mwaka huu, saa tisa alasiri. Ninazo nyingine za mwaka jana, mwaka juzi na mwaka uliotangulia huo, zote Jumatano ya wiki ile. Umesema hajagusa fidla tangu 1971. Sentensi hiyo nimeirudia mara tatu, na labda ningenyamaza. Lakini tarehe huiandika nyuma ya kila picha, na siwezi kukudanganya.

Wako kwa heshima,
Sorcha Considine


Cloonfada
13 Oktoba 1984

Bi Considine,

Mimi ndiye mzee wa picha ya saba. Haulie, mleta barua wetu, ameniambia nimetundikwa Ennis. Alidhani ananipa habari njema.

Nakuomba uishushe. Picha si mbaya, wanasema ni nzuri. Shida ni mke wangu, hana habari kwamba napiga. Wiki hii alikuwa Ennis kwa ajili ya macho, na namshukuru Mungu hana kawaida ya kuingia maktaba.

Siku ya maziko ya kijana wetu aliichukua fidla mikononi mwangu, akaivisha foronya, akaiweka juu ya kabati la vyombo. Haijashuka. Angetaka ishuke angesema. Attracta si mtu wa kukosa la kusema.

Usimlaumu Mama Marrinan wala wengine kwa kukuzungusha. Niliwaomba mimi.

Jibu lako usilete nyumbani. Andika kwa Marrinan, nitapitia.

M. Talty


Cloonfada
16 Oktoba 1984

Binti Considine,

Bahati yako Haulie alinipa barua mkononi, Murt akiwa na ng'ombe. Kuanzia sasa andika kwa dada yangu Philomena Hehir, nyumba ya pili baada ya kanisa.

Jumatano! Kila mwaka, Jumatano ya kwanza ya Julai, mume wangu huvaa koti la heshima akaenda mnadani kutazama bei. Hanunui ng'ombe, hauzi ng'ombe, anarudi mashavu mekundu, anakula viazi vya watu wawili. Nikasema moyoni ni bia, nikamsamehe. Sasa naambiwa parokia nzima ilikuwa inajua isipokuwa mimi niliyemfulia soksi. Jumapili nilikaa misani nyuma ya Mama Marrinan nikimtazama kisogo, na sala sikusali hata moja.

Nimepanda kiti nikaangalia juu ya kabati. Fidla ipo ndani ya foronya, na vumbi lake halijaguswa. Basi anapiga ya kuazima.

Sasa nikwambie kitu sijamwambia mtu, hata Philomena. Siri ya mtungi aijuaye kata. Nyumba yenye msiba hukaa mwaka bila muziki, hilo unalijua. Niliiweka fidla juu kwa mwaka mmoja, si zaidi. Mwaka ulipotimia, Machi 1972, nilioka mkate wa magadi, nikawasha moto chumba cha wageni, nikakaa nikangoja Murt atupe jicho kabatini. Jicho moja tu, ningepanda kiti mwenyewe. Akala mkate, akavaa buti, akatoka kwenda kwa ng'ombe. Nikajua hawezi. Kijana ndiye aliyekuwa akimpigia filimbi pembeni, na fidla ingemrudishia yote. Nikaapa sitamkumbusha.

Miaka kumi na mitatu nimekaa kwenye nyumba kimya kwa ajili yake. Redio nikisikia fidla naizima kabla hajaingia. Kumbe kupiga anaweza, ila kwangu ndiyo hawezi. Hilo ndilo linaloniuma, binti, wala si uongo wa mnada. Nataka kujua kama mimi ndiye niliyemfungia mlango, au yeye ndiye asiyetaka kunipigia.

Usimwambie nimeona. Na nijibu hili moja: ana uso gani anapopiga? Mimi nimesahau.

Attracta


Ennis
18 Oktoba 1984

Mzee Talty, kwa mkono wa Mama Marrinan

Shikamoo mzee. Picha nimeishusha. Ukutani pamebaki nafasi, na watu wawili tayari wameuliza yuko wapi mzee wa fidla. Mmoja ni mwalimu wa muziki kutoka Galway aliyeniambia alikuja na wanafunzi wake makusudi, wauone mkono wako wa kulia.

Sitamwambia mtu ulichoniandikia. Ila niruhusu niulize kama mtoto anavyouliza. Mwaka wa msiba ulipotimia, ulimwuliza mama kuhusu fidla?

Sorcha Considine


Kilcorran
21 Oktoba 1984

Binti Considine,

Naandika jikoni kwa Marrinan. Ahsante kwa kuishusha.

Umeuliza, nakujibu. Sikumwuliza. Baba yangu alipofiwa na mama, shangazi ndiye aliyeiweka fidla juu, na shangazi ndiye aliyeirudisha mikononi mwake mwaka ulipokwisha. Mtu hajishushii. Ukijishushia ni kama umesema, haya, nimemaliza kulia, ninyi endeleeni.

Mwaka ulipotimia Attracta alioka mkate akawasha moto chumba cha wageni. Nikajua ndiyo leo. Nikakaa. Naye akakaa, mikono mapajani, macho kwenye moto. Upande wa kabati hakugeuka hata mara moja. Nikangoja mpaka mkate ukaisha. Nikaelewa kwamba amejaribu na ameshindwa, ni mama, mimi ni nani wa kumharakisha. Nikatoka kwa ng'ombe ili asinione.

Mnadani nilikwenda kweli, ile mara ya kwanza, miaka minne iliyopita. Nikapita nyuma ya baa, dirisha liko wazi, wanapiga wimbo alioupenda Colm na wanaupiga vibaya. Nikasimama. Mama Marrinan akanivuta ndani, akanipa fidla ya marehemu kaka yake, akasema, "Wasahihishe basi, usisimame kama mtoza kodi." Tangu hapo, Jumatano moja kwa mwaka. Inanitosha.

Ninachokiogopa si ugomvi, tumegombana vya kutosha na bado tunakula pamoja. Naogopa ajue kwamba nilifurahi bila yeye. Na ni kweli nilifurahi, kila mara, kisha nikarudi nyumbani kwenye ile nyumba kimya nikamtazama akimenya viazi, nikaona haya.

Murt Talty


Ennis
24 Oktoba 1984

Kwa Bwana Murt na Bi Attracta Talty, Cloonfada

Wazazi wangu,

Mnaona nimewaandikia bahasha moja, na nimeileta nyumbani kwenu, si kwa Marrinan wala si kwa Philomena Hehir. Nimezunguka mezani kwangu siku mbili kabla ya kuandika majina yenu pamoja. Mimi kazi yangu ni kutazama na kunyamaza, na kama ningekuwa na adabu ningebaki hapo.

Kila mmoja wenu ameniomba nimfiche mwenzake. Sitayasema mliyoniambia. Nawauliza swali moja tu, na jibu msinipe mimi, peaneni hapo mezani: Machi 1972, siku ya mkate wa magadi na moto wa chumba cha wageni, mlikuwa mnangoja nini?

Ndani mna picha nne. Ya kwanza, mzee ameishika fidla kama mtu aliyepewa mtoto wa wageni, anaogopa kumwangusha. Ya pili uta umesimama angani, na nyuma yake Mama Marrinan kashika birika bila kumimina. Ya tatu ina mkono wa kulia peke yake. Niliiona filamu wakati wa kuisafisha nikaiita "ile ya mkono", na nimeitazama kuliko picha yoyote niliyowahi kupiga. Ya nne ndiyo ile ya maktaba. Mama, uliniuliza uso wake. Ndio huo. Nilitaka kuueleza nikaona maneno yangu ni mafupi.

Mkinikasirikia nitakuwa nimestahili. Lakini nisingeweza kuendelea kujua peke yangu.

Wenu,
Sorcha


Cloonfada
30 Oktoba 1984

Sorcha, mwanangu,

Kukasirika nilikasirika, kwa muda wa kama dakika mbili, ule muda wa kutafuta miwani.

Haulie alileta bahasha Ijumaa tukiwa wote mezani. Akaniangalia, akamwangalia Murt, akasoma tena majina mawili kwa nje, kisha akainama mlangoni kufunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa buti za mpira. Nikamwambia, "Haulie, kwaheri." Akaondoka akiburuta miguu kama mtu aliyenyimwa kitoweo.

Murt akauliza, "Ya nani hiyo?"

"Yetu," nikasema.

Picha zilitoka kwanza, zikamwagika juu ya siagi. Aliziona akawa mweupe kama maziwa. Akasema, "Attracta, nilitaka kukwambia."

"Nilishaziona," nikasema. "Yaani moja. Ennis. Soma barua."

Akasoma kwa miwani yangu, polepole, kidole chini ya mstari. Alipofika kwenye lile swali kidole kikasimama. Kisha akaniuliza bila kuinua kichwa, "Ulikuwa unangoja nini?"

"Wewe ulitazame kabati. Na wewe?"

"Wewe ulitazame."

"Sasa tulikuwa tunatazama wapi, Murt?"

Akafikiri. "Mimi nilikuwa natazama mkate," akasema.

Nilicheka, mwanangu, na kicheko hakikufika mbali, kiligeuka njiani. Sijalia hivyo tangu jeneza la Colm liliposhushwa kituoni. Murt alikaa tu ameishika meza. Nikamwambia sisi ni wapumbavu wawili, tena wapumbavu wa daraja la kwanza, tumeoneana huruma mpaka tukataka kuuana. Akasema, "Nilidhani ndiyo unachotaka." Nikasema, "Nami nilidhani ndicho unachoweza." Chai ikapoa.

Nikapanda kiti, yeye akakishika. Niliifuta foronya kwa aproni yangu, nikaitoa fidla, nikampa mikononi mwake kama inavyotakiwa. Nyuzi mbili zilikuwa zimekatika zenyewe. Nikasema basi, mpaka kesho duka lifunguliwe. Akaniambia ningoje. Akatoka zizini, akarudi na kopo la dawa ya ng'ombe, ndani yake kuna nyuzi mpya nne kwenye karatasi yake. Risiti iko humo humo: Machi 1972. Alizinunua wiki moja kabla ya ule mkate.

Nikazitoa kwenye karatasi moja moja, naye akazifunga.

Alipiga wimbo wa Colm. Mwanzoni fidla ilikoroma kama mzee aliyeamshwa, akaikaza, akaijaribu, akaikaza tena. Katikati akaacha, akasema mkono umechoka. Nikamwambia haujachoka, rudia. Akarudia. Machozi yalikuwa yakimdondokea juu ya mti wa fidla naye hakuyafuta, maana mikono yote miwili ilikuwa na kazi. Na Colm alikuwepo pale, sikufichi, alikuwepo kwenye kila zamu ya wimbo ambapo filimbi yake ingeingia. Uliuma. Lakini hatukufa. Miaka yote ile nilidhani mmoja wetu angekufa.

Tangu siku hiyo anapiga kila alasiri baada ya kukamua, na ng'ombe wanacheleweshwa. Nimemwambia namsamehe uongo wa mnada, ila kufurahi bila mimi simsamehe mpaka anilipe kwa nyimbo zote alizopiga kwa Marrinan, moja moja. Anasema zitachukua majira yote ya baridi. Nimesema sina safari.

Picha irudishe ukutani, na jina lake liwepo, na mwalimu wa Galway alete wanafunzi wake hapa kama wanataka kuuona mkono ukiwa unatembea. Jumapili uje kula. Mama Marrinan anakuja pamoja na waongo wenzake wote, nimewaalika mwenyewe baada ya misa, na hakuna aliyethubutu kukataa.

Njoo mapema, ila kamera iache Ennis. Murt anapopiga bado hufumba macho, hajui nani anamtazama. Wewe umemtazama Jumatano nne. Jumapili hii niachie mimi.

Attracta